Kisanduku Kisichoamka

"Ulichomoa, au hukuchomoa?"

"Nilichomoa, afande."

Inspekta Otilia aliweka kalamu mezani. Alikwisha kuhoji watu wanaokana hata majina waliyobatizwa nayo, na kuwabana aliweza. Lakini huyu binti aliyeketi mbele yake, muuguzi Scola wa zahanati ya Nsangwa, alikuwa anajivisha kitanzi mwenyewe na kukikaza. Kesho asubuhi alikuwa afikishwe mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na kila alipofungua mdomo jalada lake lilizidi kunenepa.

"Anza tena. Tangu radi iliponguruma."

Scola alivuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole. Chumba cha mahojiano pale Sumbawanga hakijui mchana wala jua, ni baridi tu.

"Jumanne jioni. Debora alikuwa ameshajifungua, mtoto wa kike, mzima. Radi ikaanza upande wa Zambia, mvua bado. Nikachomoa friji ya chanjo, nikachomoa kisanduku cha mtandao, nikafunika kioo kwa khanga. Ndivyo tulivyolelewa, afande."

"Na bango la mfumo ukutani linasemaje?"

"Linasema usichomoe."

"Kisha?"

"Kisha Debora akaanza kumwaga damu. Nikampa sindano, nikakanda tumbo, haikukata. Simu haikuwa na mtandao. Nikakichomeka kisanduku, kikaamka, nikabonyeza Kengele kwenye kishikwambi."

Kengele ulikuwa mfumo wa kuitia gari la wagonjwa kwa zahanati binafsi za wilaya ya Kalambo. Muuguzi anabonyeza, ombi linasafiri, dereva aliyeko Matai anapewa amri ya kuondoka. Kumbukumbu za mfumo zilisema kwamba Jumanne ile hakuna aliyebonyeza chochote Nsangwa. Kishikwambi chenyewe kilipokaguliwa kilikuwa cheupe, maana hakihifadhi kitu, huonyesha tu kile kinacholetwa na mtandao.

"Radi ilikuwa imepita ulipochomeka?"

"Ilikuwa juu ya bati."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka nikajikojolea, afande. Andika hata hilo."

Otilia hakuliandika. "Kishikwambi kilikujibu nini?"

"Kilijibu: ombi limepokelewa, subiri. Nikasubiri." Scola aliitazama mikono yake. "Nilisubiri nimemshika mkono mpaka mkono ukapoa."

Nje ya kituo watu walikuwa wamejigawa bila kuambiwa. Upande wa kulia walisimama wafugaji na fimbo zao, katikati yao Ngeleja, mume wa marehemu, macho yamekauka kwa kukosa usingizi. Upande wa kushoto aliketi mzee Wilibrodi, baba yake Scola, amevaa koti lake la kanisani, na nyuma yake wakulima wa Nsangwa na majembe waliyosema wametoka nayo shambani. Mwaka jana ng'ombe wa Ngeleja waliingia kwenye ulezi wa Wilibrodi ukiwa umeiva unangoja kisu, na tangu hapo hawasalimiani. Sababu ya binti kumwacha mke wa Ngeleja afe, walisema wafugaji, ilikuwa hiyo, wala haihitaji polisi kuitafuta.

Ngeleja mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi. Kupitia dirisha la zahanati alimwona Scola akichomoa nyaya moja moja na kufunika kioo. Mkewe alipoanza kutoka damu, alikimbilia bomani kutafuta mkokoteni wa ng'ombe. Alichofanya Scola baada ya hapo hakukiona.

"Shahidi ameona, mtuhumiwa amekiri, mfumo umethibitisha," alisema bosi wa Otilia akiwa mlangoni. "Unatafuta nini tena?"

"Neno moja, mkuu. Mwongo angesema mashine iligoma. Huyu anasema ombi lilipokelewa. Nataka kujua nani alilipokea."

"Una mpaka jioni. Wale wa nje hawatalala hapo wakitazamana."

*

Ofisi ya Kengele ilikuwa ghorofa ya juu, mtaa wa nyuma ya soko. Injinia Jane alimpokea Otilia kwa chai ya tangawizi na adabu zote, binti wa Ilemba aliyesoma mpaka akaitwa kurudi kuujengea mkoa wake kitu cha maana. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mfumo huu aliuunda yeye. Nyuma ya kioo cha dirisha la ndani ilisimama seva, taa zake zikipepesa. Ukutani lilibandikwa bango lile lile la Nsangwa: USICHOMOE. MFUMO UNA KINGA YA RADI. Pembeni palikuwa na karo ndogo na kioo cha kujitazamia, na kipande cha kitenge kikining'inia kwenye msumari juu yake. Otilia alidhani ni cha kufutia mikono.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," alisema Otilia.

Jane alicheka kidogo. "Kengele ndiyo inayofanya kazi. Jicho ndilo linaloitazama inavyofanya. Kila zahanati ina kisanduku, na ndani ya kila kisanduku nimeweka mlinzi. Ni programu ndogo, haiiti gari. Inachungulia tu: ombi limetoka saa ngapi, limekwenda kwa kasi gani, limekwama wapi. Hata pasipo ombi, kila dakika mlinzi anasema 'nipo'. Akizimwa halafu akawashwa, neno lake la kwanza ni 'nimeamka'. Hawezi kusema 'nipo' kabla ya kusema hilo."

"Anamwambia nani?"

"Mkusanyaji, Matai. Yuko juu ya mnara, ana sola yake, amefungwa kwa kufuli. Walinzi wote wa Kalambo wanamletea yeye, maombi nayo hupitia kwake, naye anafunga mzigo na kuuleta hapa. Hapa Jicho linaunganisha vipande. Ombi likizaliwa linapewa namba, na namba hiyo haibadiliki kila linapopita. Ukiivuta unaiona safari nzima."

"Kama tiketi ya mzigo wa basi."

"Hivyo hivyo, afande."

"Na mkusanyaji wa Matai akikosa njia ya kuja hapa?"

"Anatunza tumboni. Njia ikifunguka anamwaga vyote. Hakuna kinachopotea." Hapo sauti ya Jane ilikuwa ya mtu anayesifu mtoto wake.

"Nivutie safari ya ombi la Scola."

"Haipo, afande. Hakuna ombi."

Alimgeuzia skrini. Kila zahanati ilikuwa na mstari wake wa kijani, na Jumanne jioni karibu kila mstari ulikuwa umekatika kama uzio uliopitiwa na ng'ombe. Jane alitikisa kichwa. "Wote walichomoa. Nimewafundisha, nimewabandikia mabango, nimesimama mbele yao nikasema atakayechomoa kwa sababu ya radi hana kazi. Bado wanachomoa. Mlinzi wa Nsangwa alilala kabla ya mvua, akaonekana tena asubuhi."

"Nani anaweza kufuta kitu humu?"

"Wenye ufunguo ni wawili. Mimi, na Evaristi, dereva na msimamizi wa kituo cha Matai." Alisita, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sipendi kumsema mtu. Lakini ulizia lile gari la wagonjwa lilikuwa wapi juma hili. Watu wanasema lilionekana Kasanga, kule ziwani."

Otilia alipiga skrini picha kwa simu yake, mstari kwa mstari, akashukuru kwa chai.

*

Koplo Masanja aliendesha kama mtu anayekimbizwa, mahindi machanga yakipita kushoto na kulia. Kabla ya kuondoka alikuwa amemsalimu Ngeleja kwa Kisukuma, akaambiwa maneno ambayo sasa alikuwa anayatafuna kimya.

"Alikwambia nini?" aliuliza Otilia.

"Amesema akisikia binti ameachiwa hivi hivi, hatawazuia vijana wake. Hajasema atawatuma. Amesema hatawazuia."

Kwenye kituo cha Matai gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa safi, limeoshwa mpaka matairi. Otilia alifungua mlango wa nyuma akavuta pumzi. Sabuni ilikuwa imejitahidi, lakini samaki ni samaki.

Evaristi alikuwa mtu mzima, kichwa cha mvi, mwenye tumbo la heshima. Aliitikia shikamoo ya Otilia akafuta mikono kwenye suruali.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, gari hili linabeba wagonjwa au migebuka?"

"Nani kakwambia migebuka?"

"Pua yangu."

Evaristi alimtazama Masanja, akaona hapo hapana msaada. "Jumatatu," alisema. "Jumapili hii mwanangu anapata kipaimara, nina wageni. Nilikwenda Kasanga Jumatatu nikarudi Jumatatu. Nifukuzeni kazi kwa hilo, nimekosa. Lakini Jumanne nilikuwa hapa."

"Nani shahidi wako?"

"Muulize mama Marsiana pale dukani, alinitania jioni nzima. Radi ilipoanza niliingia ndani ya gari nikafunga milango, nimevaa buti. Gari lina mpira chini, radi hailigusi. Nilikaa humo mpaka mvua ikakatika, nimekodolea macho ule mnara."

Masanja alivuka barabara kumuuliza mama Marsiana. Alirudi akitikisa kichwa kukubali. Mwanamke yule alisema alimwona mzee mzima amejifungia garini kama kuku wa mnadani, na alikuwa bado anacheka.

Basi njia ya samaki iliishia hapo. Otilia alihisi jioni inamkaribia kisogoni. Angeweza kurudi na kuliacha jalada liende lilivyo, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimuuliza Evaristi swali la mwisho, zaidi kwa mazoea kuliko kwa matumaini.

"Mnara una nini cha kukodolewa macho?"

"Taa. Ziko mbili. Ya chini inaonyesha mkusanyaji anazisikia zahanati. Ya juu inaonyesha anaisikia Sumbawanga. Mimi kazi yangu ni kungoja, lazima nitazame kitu. Jumanne ya chini ilibaki kijani. Ya juu ikawa nyekundu."

Otilia aligeuka taratibu. "Kwa muda gani?"

"Muda wote wa radi. Mvua ilipokatika ikarudi kijani."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimpigia Jane, simu yake ikawa imezimwa. Kesho yake nikamwambia. Akasema taa ile mbovu, nisiitangaze."

"Ombi la Nsangwa likifika hapa, wewe hulioni?"

"Silioni. Lazima liende kwanza Sumbawanga, kule ndiko linakopangiwa gari, halafu amri irudi kwangu. Ombi likizidi saa moja njiani linajifuta, wanasema ili nisikimbilie mtu ambaye ameshapona."

"Nsangwa iko hapo nyuma ya Mwimbi, mzee."

"Najua ilipo. Ningefika kabla uji haujapoa." Alitazama pembeni. "Debora nilimbeba mwaka juzi alipojifungua wa kwanza. Kengele ingelia ningekwenda, radi au si radi. Haikulia."

"Na ufunguo wa kufuta kumbukumbu?"

"Nilipewa kibahasha. Sijakifungua mpaka leo, mimi na kompyuta hatujuani." Alikwenda akakileta. Gundi ya bahasha ilikuwa haijaguswa, na vumbi lilikuwa la kutosha kuandikia jina.

Njiani kurudi Otilia alifungua zile picha kwenye simu. Alitazama zahanati ya kwanza: ilikatika, kisha "nimeamka", kisha "nipo, nipo, nipo". Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, zote zililala kwa radi na zote ziliamka kwa adabu. Akafika Nsangwa. Ilikatika jioni. Asubuhi ilianza na "nipo".

Alirudia kutazama, asije akawa amelisoma vibaya.

"Masanja," alisema, "mtu amelala Jumanne. Hakuna aliyemwona akiamka. Jumatano yuko shambani analima. Inakuwaje?"

"Aliamka usiku, afande, watu hawakumwona."

"Au walimwona, wakaifuta habari ya kuamka kwake."

Kisanduku cha Nsangwa kiliamka kati ya radi na asubuhi, kama Scola alivyosema. Neno lake la kwanza lilikatwa pamoja na yote yaliyofuata. Aliyekata alijua kwamba juu ya uwanda huu kila mtu huchomoa radi ikinguruma, akaificha Nsangwa katikati ya waliolala. Ila kwa haraka zake alisahau kumwachia neno la kuamkia.

Otilia alitazama nje. Juu ya milima ya Mbizi wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, zito, la rangi ya sufuria.

"Endesha taratibu sasa," alimwambia Masanja. "Sitaki kulitangulia lile wingu."

*

Jane alikuwa amekwisha kuvaa koti. Aliwatazama wote wawili mlangoni, akalivua.

"Umempata Evaristi?"

"Nimempata. Jumatatu alibeba samaki. Jumanne hakubeba kitu." Otilia aliketi bila kukaribishwa. "Dada Jane, pale kituoni tuna masjala. Barua ikija ina tarehe mbili: ile aliyoandika mwenyewe, na muhuri wetu wa kupokelewa. Habari za walinzi wako nazo zina muhuri wa kupokelewa?"

Jane alichelewa kidogo tu kujibu. "Zinao. Hauonekani kwenye skrini hii, ni mambo ya ndani."

"Uonyeshe. Zahanati sizitaki. Nataka Matai, mkusanyaji mwenyewe, Jumanne jioni."

Vidole vya Jane vilicharaza vibonye polepole. Safu mbili zilitokea. Ya kwanza ilikuwa saa ambayo mkusanyaji alisema "nipo", na kila neno lilikuwa na dakika yake, jioni nzima, bila pengo. Safu ya pili ilikuwa muhuri. Muhuri ulikuwa mmoja, ule ule, kuanzia juu mpaka chini ya skrini, na ulikuwa wa baada ya mvua.

"Matai hakulala," alisema Otilia. "Alikesha na radi akisema nipo, nipo, na hapa hapakuwa na wa kumsikia. Kisha mzigo wote ukaingia kwa pamoja. Alilipokea ombi la Scola, ndiyo maana kishikwambi kikamwambia subiri. Akalitunza tumboni. Lilipofika hapa lilikuwa limezidi saa."

"Basi radi ilikata njia kati ya hapa na Matai." Jane alisema haraka. "Hutokea, afande. Hilo si kosa la mtu."

"Inawezekana. Zipo njia mbili tu. Ama njia ilikatika, ama hii seva ilikuwa imezimwa. Seva ikizimwa, Jicho linaona?"

"Jicho liko ndani ya seva hiyo hiyo."

"Kwa hiyo nani analitazama Jicho?"

Jane alizitazama taa za seva.

"Mlinzi na anayelindwa wanalala kitanda kimoja," alisema Otilia. "Soketi moja?"

"Moja."

Hapo Otilia aliacha kuuliza. Aliomba maji. Aliuliza habari za Ilemba, kama mahindi yamewahi, kama mama bado yupo. Jane alijibu neno moja moja, jasho likimtoka katika baridi ile. Masanja alisimama dirishani na kutazama wingu likishuka kutoka Mbizi mpaka likafunika mabati ya soko. Wauzaji walianza kukunja maturubai. Chumba kikawa na giza la kijivu, taa za seva zikaonekana zaidi.

Radi ilinguruma. Haikuwa kubwa.

Jane alikuwa ameshasimama. Mkono wake wa kushoto ulivuta kitenge kikashuka kufunika kioo cha karo, na wa kulia ulipita nyuma ya kabati bila macho kuusaidia, ukaijua plagi ilipo, ukaivuta. Taa za seva zilizimika zote pamoja, na mngurumo wa feni zake ukafa. Yote hayo aliyafanya kwa pumzi moja, kama mtu anavyofumba macho vumbi likija.

Kisha akaona alichokishika.

Jane alitazama plagi mkononi mwake, akatazama bango lake ukutani, na uso wake ukabomoka.

"Ichomeke, dada," alisema Otilia. "Kuna wagonjwa huko Kalambo."

"Siwezi." Sauti ilikuwa ya mtoto. "Baba mdogo alikufa ameshika redio. Nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani. Siwezi, afande, mkono haukubali."

Radi ya pili ilipasua juu ya paa, na dirisha likatetemeka. Otilia naye alizaliwa juu ya uwanda huu, na mama yake naye alifunika vioo. Tangu azaliwe hajawahi kugusa waya mbingu ikisema. Alisikia woga ukimpanda, na hakuona aibu kuusikia. Alimtoa Jane plagi mkononi, akapiga magoti nyuma ya kabati, akaisukuma mahali pake huku amefumba macho.

Feni zilianza kuguna. Baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko ulivyokuwa, skrini iliwaka, na neno la kwanza lililotokea juu yake lilikuwa "nimeamka".

Masanja alitoa karatasi ya maelezo. Jane aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akasema bila kuulizwa.

"Nilichomoa radi ilipoanza, nikazima na simu. Mvua ilipokatika nikachomeka, nikaona ombi la Nsangwa limeingia na kujifuta. Nikasema labda si kitu. Asubuhi nikasikia mama amekufa. Niliwaambia mimi mwenyewe atakayechomoa hana kazi. Ningewatazamaje? Nikakata vipande vya Nsangwa. Nilidhani watamwonya, basi. Sikujua mtamfunga. Kila siku nilisema kesho nitakuja kusema, na kila kesho ilikuwa nzito kuliko jana."

"Kisanduku cha Nsangwa kiko kwetu, kwenye vielelezo. Kina nakala?"

"Kinatunza juma zima, kisha kinajifuta." Jane alifuta uso kwa ule mkono wa kulia. "Nilijua mtakuja kunitaka nikifungue. Nilikuwa nangoja juma liishe."

Otilia alimtazama, na kilichomuuma hakikuwa hasira tu. Wakati binti wa Nsangwa anachomeka chini ya bati linalopigwa, huyu aliyejenga kila kitu alikuwa amechomoa, na kati yao mwanamke alikuwa anakwisha damu.

"Vaa koti lako," alisema. "Nje kuna mvua."

*

Mvua ilikuwa imewasukuma wote chini ya baraza la kituo, wafugaji na wakulima, bega karibu na bega kwa kukosa nafasi, bila kutazamana. Otilia alimwita Ngeleja pembeni. Masanja alisimama karibu, endapo Kiswahili kingeshindwa.

"Mzee Ngeleja, tulichelewa kukwambia hili. Mfumo ulizimwa huku mjini. Aliyeuzima tunaye. Scola hakumwacha mkeo."

"Nilimwona akichomoa." Fimbo ilikuwa imekazwa mkononi.

"Alichomoa. Ulipokimbilia mkokoteni, alichomeka tena. Aliita."

"Aliita?"

"Aliita. Radi ikiwa juu ya bati."

Ngeleja alitazama ng'ambo ya baraza, mahali ambapo Wilibrodi alikuwa ameketi na koti lake la kanisani, maji yakimdondokea begani kutoka kwenye bati linalovuja, hana habari.

"Kule kwetu msibani," alisema mwishowe, "nimesimama mbele ya watu wote nikasema hakuita. Nimewaambia na vijana." Aligeukia barabara. "Sasa wameshatangulia Nsangwa, nyumbani kwa huyu mzee, afande. Wameondoka mchana."

Otilia alikuwa ameshaanza kukimbilia gari. Nyuma yake alisikia nyayo nzito za watu wawili kwenye matope. Ngeleja alikuwa anakuja, na njiani alikuwa amemshika Wilibrodi mkono wa koti, anamvuta.

"Njoo, mzee mwenzangu," alikuwa anamwambia. "Twende wote. Mimi peke yangu hawatanisikia."